Wageni Wasiopiga Hodi



Jumamosi iliyopita, baada ya Alasiri, nilikwenda Chumbageni kumjulia hali shangazi yangu, ambaye goti limemzuia kutoka kwa majuma kadhaa. Nilimkuta barazani na kikombe chake cha kahawa, na mjukuu wake wa miaka saba amekaa mkekani akisikiliza kasida kwa simu ya bibi yake, katika programu ndogo aliyowekewa na kijana wa jirani. Hatujamaliza kuulizana hali, kasida ikakatika. Sauti ya mwanamume mchangamfu ikajaza baraza zima: weka dau dogo, shinda mamilioni, bonyeza hapa. Kidole cha mtoto kilikuwa karibu, na mtoto akabonyeza.

Shangazi hakugomba. Aliichukua simu, akaigeuza juu chini kama mtu atafutaye tundu alimopitia panya, kisha akaniuliza: “Mwanangu, huyu kafunguliwa na nani?”

Sikuwa na jibu la haraka, nami ni mtu ninayejidai kuzijua simu. Katika pwani yetu hata ndugu wa damu husimama mlangoni akaita hodi, na asipojibiwa hurudi alikotoka. Huyu wa simu alifika hadi mkekani, kati ya bibi na mjukuu, bila ya hodi wala karibu. Nilimwahidi shangazi kwamba nitarudi na jibu, na kwa kuwa najua si nyumba yake pekee iliyoingiliwa, jibu hilo nimeliandika hapa.

Anayeijua Tanga anajua kwamba mitaa ya Ngamiani inahesabiwa kwa namba: Barabara ya 7, Barabara ya 14, na kuendelea. Lakini mgeni anayeshuka basi kutoka Pangani kuja kutazama jamaa zake haanzi na namba. Huanza na jina. Husogea penye baraza la kahawa, akatoa salamu, akauliza: “Kwa Mwalimu fulani ni wapi, yule anayesomesha watoto?” Mzee mmoja humwelekeza barabara na nyumba, na mgeni akashika njia.

Intaneti imejengwa kwa mtindo huo huo. Kila kompyuta iliyomo ndani yake ina anwani ya namba, na sisi wanadamu tunakumbuka majina. Kwa hiyo kila unapofungua ukurasa, simu yako kwanza huenda kwa mzee wa barazani na kumuuliza: jina hili nyumba yake iko wapi? Mzee huyo ndiye aitwaye DNS, yaani mfumo wa majina ya mtandao. Aliyeubuni ni Mmarekani Paul Mockapetris, mwaka 1983. Kabla yake majina yote yaliandikwa katika orodha moja iliyotunzwa na ofisi moja huko California, na kompyuta zilipozidi kuwa nyingi orodha ile ikalemewa. Tangu hapo wazee wa barazani ni wengi, na kila kampuni ya simu ina wa kwake. Ukinunua laini au ukafungiwa ruta nyumbani, unapewa mzee wa kampuni hiyo bila kuulizwa, nawe humjui, wala hujawahi kusikia kwamba yupo.

Mzee huyu anajibu maswali yako, na anajibu pia maswali ambayo hukuyauliza. Unafungua programu ya kasida, na simu inauliza njia ya nyumba ya kasida. Hapo hapo, kimyakimya, inauliza njia ya nyumba ya mtu anayeuza nafasi za matangazo, na ya mwingine anayehesabu nani kasikiliza nini na kwa muda gani, na ya mwingine anayetaka kujua simu hii ni ya aina gani na iko mji upi. Mzee wa kampuni ya simu hana ubaguzi. Kila aulizwacho hujibu, na kila aliyeelekezwa hufika.

Basi hila yenyewe ni nyepesi. Mbadilishe mzee. Tafuta anayewajua watu wa mji, ambaye akiulizwa njia ya nyumba ya mdokozi mashuhuri hujibu: hapana nyumba kama hiyo hapa. Simu ikikosa njia haina la kufanya. Tangazo halipakuliwi kisha likafichwa. Halifiki kabisa, na bando lako halikatwi kwa ajili yake. Kwa jamaa anayenunua bando la siku kwa siku, hilo peke yake ni faida ya kuhesabika.

Lakini bando si sababu ya mimi kuishika kalamu. Lile tangazo la kamari ni mgeni mwenye kelele, na kelele yake imetusaidia, maana tumemwona. Wasumbufu zaidi ni wale wasio na sauti.

Mwezi Novemba mwaka 2020, jarida la mtandaoni la Motherboard la Marekani lilifichua kwamba programu ya nyakati za sala iitwayo Muslim Pro, ambayo wakati huo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98 duniani, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni moja iitwayo X-Mode. Kampuni hiyo nayo iliziuza taarifa za aina hiyo kwa wakandarasi, na kupitia kwao zikalifikia jeshi la Marekani. Wenye programu walitangaza kwamba wamekata uhusiano na X-Mode. Mwezi uliofuata Apple na Google waliwaamuru watengenezaji wa programu wauondoe msimbo wa kampuni ile. Mwezi Januari 2024 tume ya Marekani inayosimamia biashara iliipiga marufuku kampuni hiyo kuuza taarifa za watu kuwapo mahali nyeti, na nyumba za ibada ni miongoni mwa mahali hapo.

Hiyo haikuwa peke yake. Mwezi Machi 2022 Google iliziondoa dukani mwake programu kadhaa, mojawapo ikiitwa Al-Moazin Lite, iliyopakuliwa zaidi ya mara milioni 10. Watafiti walikuwa wamekuta ndani yake msimbo wa kampuni iliyosajiliwa Panama, ukikusanya namba ya simu ya mtumiaji na hata utambulisho wa ruta ya nyumbani kwake.

Hebu, ndugu msomaji, litazame jambo hili kwa utulivu. Mtu ameweka programu ili aijue Alfajiri na aijue Kibla. Programu haiwezi kumpa Kibla bila kujua amesimama wapi, na kwa hiyo ameiruhusu ijue. Ruhusa ile ilikuwa ya Kibla. Aliyeichukua na kuiuza ameuza amana ya watu, na waliouzwa hawakujua kwamba wapo sokoni.

Hapa kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume iliyozinduliwa Aprili 2024. Mwananchi ambaye taarifa zake zimetumiwa vibaya ana mahali pa kulalamika, na ni vema tupajue. Lakini aliye Panama au Virginia haiti wakili wake kwa sababu ya simu ya bibi wa Chumbageni. Mlango wa nyumbani tutaulinda wenyewe.

Nitie neno la kando hapa, nisije nikaonekana ninakata tawi nililokalia. Gazeti hili nalo linaishi kwa matangazo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi analipa ili mumsome, na malipo yake yanasaidia kununua karatasi. Sina ugomvi na tangazo. Tofauti ni kwamba tangazo la gazetini halijui nani kalisoma. Halimfuati msomaji hadi sokoni Makorora, halihesabu dakika alizolitazama, wala halimwambii mwenzake wa gazeti jingine kwamba msomaji huyu ana goti baya, mletee dawa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwa simu za Android za toleo la 9, lililotoka mwaka 2018, na za baada yake, fungua Mipangilio, kisha pale juu penye kisanduku cha kutafutia andika herufi tatu: DNS. Itatokea DNS ya Faragha, na kwa simu iliyo katika Kiingereza ni Private DNS. Chagua sehemu ya kuandika jina la mtoa huduma, kisha andika kwa uangalifu, bila kuacha nafasi: family.adguard-dns.com. Hifadhi. Huyo ni mzee wa bure wa kampuni ya AdGuard, yenye makao yake Cyprus. Huzuia matangazo, huzuia wafuatiliaji, na hufunga tovuti za uchafu. Anayetaka matangazo yazuiwe na mengine yaachwe yalivyo aandike dns.adguard-dns.com. Uzuri wa njia hii ni kwamba inaifuata simu popote, iwe nyumbani kwenye waifai au ndani ya basi la Lushoto kwa bando.

Mwenye ruta ya nyumbani anaweza kuilinda nyumba nzima kwa mara moja. Ubavuni au chini ya ruta pamebandikwa karatasi yenye anwani ya kuingilia, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1, pamoja na nywila. Ingia kwa kivinjari, tafuta penye DNS, na badala ya namba zilizopo weka 94.140.14.15, na ya pili 94.140.15.16. Kabla ya kufuta namba za zamani, ziandike mahali. Nasema hivi kwa uchungu wa mtu aliyezifuta bila kuziandika. Ruta nyingine zimefungwa na kampuni zilizozitoa, na huko itabidi umwombe fundi wao au urudi kwenye simu moja moja. Wenye iPhone wanaweza kubadilisha DNS katika mipangilio ya waifai ya nyumbani. Badiliko hilo halitawafuata nje ya mlango.

Kuna waliokwenda mbali zaidi, wakamweka mzee wao wenyewe ndani ya nyumba. Programu yake ni ya bure na inaitwa Pi-hole. Ilianza kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, yenye ukubwa wa kiganja, na inakubali pia kompyuta yoyote kuukuu inayoendeshwa kwa Linux. Kijana mmoja wa familia yetu, anayesomea mambo hayo, alinifungia nyumbani kwangu. Jioni ya kwanza tulikaa naye tukitazama orodha ya maswali yanayopita, na kabla kahawa haijapoa ukurasa ulikwishajaa, ilhali hapana mtu nyumbani aliyeshika simu. Televisheni peke yake, imezimwa na kuachwa kwenye umeme, ilikuwa inauliza njia ya watu nisiowajua. Tangu siku hiyo naichomoa ukutani usiku.

Raha ile ina gharama zake. Umeme ulipokatika, ruta yangu iliendelea kwa betri yake na Pi-hole ikalala. Nyumba nzima ikapiga kelele kwamba intaneti imekufa, na kumbe mzee wa barazani ndiye aliyelala. Na kwa tamaa yangu ya usafi nilikuwa nimeiwekea orodha kali mno. Binti yangu anauza kanga na madera kwa mtandao, na hulipia matangazo ili wateja wa Muheza na Korogwe wamwone. Siku mbili alinivumilia, ya tatu akanijia: “Baba, umenifungia duka.” Ukurasa anaosomea hesabu za matangazo yake umo katika majina yale yale yaliyokuwa kwenye orodha. Nilimwomba radhi, nikaifungulia simu yake, na orodha ya nyumba nikaibadilisha kwa iliyo nyepesi. Kwa hiyo anayeanza na aanze na nyepesi. Na ukurasa wa benki au wa shule ukikataa kufunguka, jambo la kwanza ni kuirudisha DNS ya Faragha kwenye hali yake ya awali kwa dakika chache uone kama tatizo limeondoka.

Yapo pia ambayo mzee huyu hayawezi kabisa, na ni heri tuyajue kuliko kulala usingizi wa kuamini. Matangazo ya YouTube hayazuii, kwa sababu tangazo na video hutoka nyumba moja. Ukifunga njia umefunga vyote viwili. Ya Facebook, Instagram na TikTok ni vivyo hivyo. Na kama mwenye programu anazikusanya taarifa zako katika nyumba yake mwenyewe, kisha akaziuza kwa mlango wa nyuma, hapana DNS itakayoliona hilo. Ndiyo maana ruhusa ya mahali katika simu lazima itazamwe vile vile. Programu ya nyakati za sala inaweza kuandikiwa mji wa Tanga kwa mkono, na muda wa Alfajiri utapatikana bila kuipa ruhusa hiyo. Ujumbe wa matapeli wanaoagiza “ile hela tuma kwenye namba hii” nao haupiti kwa mzee huyu, maana huja kwa mtandao wa simu. Huo upelekwe 15040, namba ya bure iliyowekwa kwa kuwaripoti.

Na kamari? Hapa inafaa niwe wazi, kwa sababu ndipo tulipoanzia. Mzee wa AdGuard atazuia matangazo mengi ya kamari ndani ya programu na kurasa. Tovuti za kamari zenyewe hazifungi. Kisheria ni biashara yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa watu wa miaka 18 na kuendelea. Simu ya shangazi ni ya mtu mzima, na tangazo halijui ni kidole cha nani kilichobonyeza. Anayetaka kufunga na tovuti zenyewe kwa ajili ya vijana wake atumie huduma kama NextDNS, iliyoanza mwaka 2019, ambayo ina sehemu ya wazazi yenye kuchagua kamari izuiwe. Ni ya bure hadi maswali 300,000 kwa mwezi. Zaidi ya hapo inaendelea kujibu bila kuzuia chochote, nawe usipoangalia utadhani mlinzi yumo kazini. Hata hivyo kijana wa miaka kumi na sita anayejua Mipangilio iko wapi atayabadilisha yote haya kwa nusu dakika. Kwake yeye mazungumzo ya kukaa chini hayana mbadala, na nimeyaahidi makala yake peke yake.

Wengine wataniuliza kama jambo hili ni lile la VPN, ambalo Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka wanaolitumia watoe taarifa zao. DNS ya Faragha ni kitu kingine: inabadilisha unayemuuliza njia, na mawasiliano yako yanapita palepale yalipokuwa yakipita. Lakini baadhi ya programu za kuzuia matangazo hujifunga ndani ya simu kwa mlango wa VPN. Simu ikikuomba idhini ya VPN, jua kwamba umeishika njia nyingine, si hii niliyoieleza.

Nilirudi Chumbageni Jumatano. Nilimpa shangazi shikamoo, akaniitikia, akanipa simu kabla sijaketi. Tuliandika jina lile herufi kwa herufi, na mjukuu akafungua kasida zake. Ya kwanza ikapita yote, na ya pili. Pale penye tangazo pakabaki nafasi nyeupe.

Shangazi alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali ambalo mimi mwenyewe lilinichukua miaka kulifikia: “Na huyo mzee wako mpya, anajua kila ninachokiuliza?”

Nikamwambia ndiyo. Majina ya kurasa anazozifungua anayaona, kama vile yule wa kampuni ya simu alivyokuwa akiyaona. Kilichoandikwa ndani ya kurasa hakioni. Kampuni yake imeahidi kutoyauza, na ahadi hiyo tumeipokea kwa maandishi tu. Hatumjui kwa sura. Tumewaondoa wengi kwa kumwamini mmoja, na huyo mmoja akibadilika tutambadilisha naye, kwa maana kumbe inawezekana.

“Aitwa nani?”

Nikamtajia. Akaniomba nimwandikie kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa. Akamtuma mjukuu akibandike ubavuni mwa kabati la vyombo, chini ya namba ya fundi umeme, na pembeni yake niandike tarehe.